Korongo Kavu na Maji Yatokayo Mbali



Mwezi huu wa Novemba mawingu huanza kukusanyika juu ya Mlima Kwaraha, na shule zakaribia kufungwa. Ndio wakati walimu, viongozi wa vijana na wazazi wenye watoto wakubwa wanapopanga safari za matembezi. Hawa hutaka kupanda Hanang. Wale hutaka kushuka katika makorongo ya Bonde la Ufa. Wengine hutamani kufika Oldupai, wapaone mahali ambapo watoto husoma habari zake vitabuni. Shauri lao ni jema, wala sitaki kulizuia. Walakini kuna neno moja juu ya makorongo ambalo yampasa kila aongozaye watu kulijua kabla ya kufunga mzigo wake, nalo ni hili: korongo ni njia ya maji. Hata likikauka miezi minane, mwenye njia ni maji, na sisi tushukao humo twapita katika mali ya mwingine.

Sisi watu wa Babati hatuna haja ya kwenda mbali ili kuona makorongo. Upande wa magharibi, kule Dareda na kuendelea kaskazini, uko ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, ambao karibu na Ziwa Manyara husimama yapata mita 600 juu ya maji ya ziwa. Mvua inyeshayo katika nchi ya juu ya Mbulu hutafuta njia ya kuushuka ukuta huo, nayo imeukata mahali pengi, kama tuonavyo Magara. Upande wa kusini-magharibi umesimama Hanang, wenye kimo cha mita 3,420 hivi, na mbavu zake zina mifereji ya maji itokayo juu hata chini. Na mtu ashikaye barabara ya kusini, akapita Bonga, Bereko na Kolo mpaka Kondoa, ataona mito ya mchanga ambayo wakati wa kiangazi huvukwa kwa miguu mikavu, na wakati wa masika haivukiki ila kwa daraja.

Makorongo haya hayakuchimbwa kwa siku moja. Tone moja la mvua haliwezi kuvunja hata kichuguu. Lakini matone yakikutana huwa kijito, na vijito vikikutana huwa mto, nao mto huchukua mchanga, na ule mchanga husugua mwamba kama tupa isuguavyo chuma. Wahenga walisema, Bandu bandu huisha gogo. Ndivyo maji yalivyofanya kazi yake kwa miaka isiyohesabika, hata mlima ukapasuka.

Tena kazi hiyo huenda upesi zaidi mahali ambapo wanadamu wameivua nchi nguo zake. Majani na mizizi huyashika maji yakaingia ardhini polepole. Ardhi ikiwa tupu, maji huteremka yote kwa mara moja. Wenzetu wa Kondoa waliyaona hayo. Mashamba na malisho yalikatwa vipande vipande na makorongo, hata mwaka 1973 serikali ikaanzisha kazi ya kuhifadhi ardhi iliyoitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika zaidi. Majani yakaota tena, na miti ikarudi. Basi mwalimu akiwapeleka watoto kulitazama korongo, na awaonyeshe pia kilima kilicho juu yake: kama kimevikwa miti, au kama kiko uchi. Hapo watajifunza mambo mawili kwa safari moja.

Kwa maana yako mengi mema ya kujifunza katika korongo. Ukishuka ndani yake waona mambo ambayo ardhi huyaficha mahali pengine. Tabaka za udongo zimelala moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu: hapa majivu ya volkano, hapa matope ya ziwa lililokauka zamani, hapa changarawe ya mto. Oldupai, lililo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, lina urefu wa kilomita 48 hivi, na mahali pengine kina chake hufika yapata mita 90. Jina lake latokana na neno la Kimaasai la mkonge wa mwituni umeao pale. Humo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la kale ambalo habari yake ilienea duniani kote. Maji ndiyo yaliyoifunua ile mifupa. Wataalamu walikuja baadaye wakainama na kuokota. Kwa hiyo sisemi makorongo ni mahali pa kuogopwa tu. Nasema ni mahali pa kuingia kwa akili.

Sasa nifike kwenye hatari yenyewe. Watu wengi wakitaka kujua kama mvua itawadhuru, huinua macho na kuitazama mbingu iliyo juu ya vichwa vyao. Wakiona jua, husema, Leo ni salama. Juu ya tambarare shauri hilo lafaa. Ndani ya korongo halifai hata kidogo, kwa sababu maji ya korongo hayatoki juu ya kichwa chako. Hutoka mlimani, mbali, mahali usipopaona kwa ajili ya kuta zilizokuzunguka. Huko juu mvua yaweza kunyesha saa nzima, ilhali wewe huku chini wakaushwa na jua. Kisha maji yale yote yaliyoangukia nchi pana hukusanywa katika njia moja nyembamba. Yaliyokuwa kina cha kidole juu ya kilima huwa kina cha mtu mzima ndani ya korongo. Hufika kwa ghafula, yakisukuma mbele yake povu, magogo na mawe.

Msomaji wa Biblia asishangae, kwa kuwa habari hii aijua. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3, twasoma jinsi Yehoramu mfalme wa Israeli, na Yehoshafati mfalme wa Yuda, na mfalme wa Edomu, walivyokwenda kupigana na Moabu, wakazunguka siku saba jangwani, hata watu na wanyama wao wakakosa maji. Nabii Elisha aliwaagiza wachimbe mahandaki bondeni, akawaambia kwamba hawataona upepo wala mvua, lakini bonde litajaa. Asubuhi yake maji yakaja kwa njia ya Edomu, nchi ikajaa maji. Kwao ilikuwa rehema kubwa, kwa kuwa walikuwa wakifa kwa kiu. Lakini angalieni jinsi maji yalivyokuja: waliokuwa bondeni hawakuona wingu wala kusikia ngurumo. Mungu aliyewapa maji kwa njia ile ndiye aliyeziumba njia za maji zote, na hata leo mabonde yangali yakijaa vivyo hivyo. Maneno hayo yaliandikwa ili tuyasome, nasi tusipoyasoma kwa makini tutajifunza kwa machozi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, liko korongo moja liitwalo Antelope Canyon, jembamba hata mahali pengine mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo. Mvua kubwa haikunyesha pale walipokuwa. Ilinyesha mbali, upande wa juu, na maji yakawafuata.

Jirani zetu wa Kenya nao wamelia. Karibu na Naivasha, katika Hifadhi ya Hell's Gate, liko korongo la Ol Njorowa, lenye kuta nzuri na chemchemi za maji ya moto. Mwezi wa Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikwenda kulitembelea. Mafuriko ya ghafula yakawakuta ndani, na saba miongoni mwao wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 maji yakaja tena katika korongo lile lile, yakawachukua wageni pamoja na kiongozi wao aliyekuwa mwenyeji wa mahali pale. Nawaomba viongozi wa vijana wasome mistari hii mara mbili. Wale wa mwaka 2012 hawakuwa watu wakaidi wala walevi. Walikuwa vijana wa kanisa kama wetu, waliotoka kwa furaha na wenzao, na nyumbani mama zao walikuwa wakiwangoja kwa chakula cha jioni.

Na sisi wa mkoa huu wa Manyara, msiba wetu wenyewe haujasahaulika. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, ambayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua nyingi, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa na mwamba dhaifu ililowa maji ikamomonyoka. Tope, mawe na miti vikashuka kwa njia za maji mpaka mjini Katesh na vijiji vya kando kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi waliachwa bila nyumba wala mali. Wako waliodhani ni moto wa volkano umeamka. Wataalamu wakaeleza kwamba sivyo, ni maji na udongo tu. Nasema "tu", lakini pipa la lita 200 likijaa maji lina uzito wa kilo 200, na tope ni zito kuliko maji. Fikirini basi uzito wa mlima uliogeuka kuwa tope.

Hapa yapasa niseme neno juu ya maneno niliyoyasikia wakati ule, na ambayo husemwa kila palipo na msiba. Wapo wasemao kwamba waliokufa wameadhibiwa kwa dhambi zao. Ndugu zangu, Bwana wetu alikwisha kuulizwa neno kama hili, kama ilivyoandikwa katika Luka sura ya 13, akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Watu wa Katesh walikuwa majumbani mwao, wengine usingizini, wengine wakijitayarisha kwenda ibadani. Hawakulijaribu korongo, korongo ndilo lililowajia. Mkristo akimwona jirani yake amefunikwa na tope, kazi yake ni kushika jembe na kumfukua, wala si kuhesabu dhambi zake.

Lakini liko kosa la upande wa pili, nalo ni la sisi tuendao kwa hiari yetu. Mtu huona mawingu meusi juu ya mlima, akaambiwa na wenyeji asiingie korongoni, naye hujibu, "Mungu atatulinda, tumekwisha kuomba." Je, hiyo ni imani? Kumbukeni yule mjaribu aliyempandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini kwa kutegemea malaika. Bwana hakujitupa. Akitufundisha hivyo, alituonyesha kwamba kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kumjaribu ni jambo jingine. Mungu ametulinda tayari kwa kutupa macho, masikio, na mzee wa mahali pale aijuaye nchi yake. Tukivikataa vyote vitatu, twamtaka atulinde kwa njia gani nyingine?

Basi, kwa ajili ya wote watakaosafiri, naandika mashauri haya machache.

Kwanza, kabla ya kulijua korongo, ujue mlima wake. Uliza: maji ya hapa hutoka wapi? Kisha tafuta habari za huko juu, wala si za hapa ulipo. Kama una jamaa au mwalimu mwenzako aishiye nchi ya juu, mpigie simu asubuhi ya safari umwulize kama usiku kumenyesha. Sikiliza pia maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na ukifika, mwamkie mzee mwenyeji kwa heshima, awe Mgorowa, Mwiraqw, Mbarabaig au Mmaasai, umwulize habari za njia. Kuuliza si ujinga.

Pili, ingia mapema utoke mapema. Mara nyingi mvua zetu za milimani hunyesha baada ya adhuhuri. Atakaye kutembea korongoni na awe amekwisha kutoka kabla jua halijapinduka. Na katika siku za masika, korongo jembamba lisiloruhusu kupanda kando liache kabisa.

Tatu, soma kuta. Ukiona majani makavu na vijiti vimenaswa katika matawi ya kichaka juu ya kichwa chako, usipite bila kufikiri. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Kila uendapo, tazama mahali pa kupandia, uwaonyeshe na wenzako: "Tukisikia neno, tutapanda hapa."

Nne, zijue dalili. Maji yaliyokuwa safi yakigeuka kuwa ya udongo. Vijiti na povu vikianza kuelea. Upepo wa baridi ukivuma ghafula kutoka upande wa juu. Au mngurumo kama wa lori lipandalo mlima, hali hakuna barabara karibu: mojawapo ya hayo yatosha. Usingoje la pili.

Tano, maji yakija, usishindane nayo mbio kwa kufuata korongo kwenda chini, maana yatakupita. Panda kando, hata kama ni mita chache. Acha mzigo, acha viatu, acha simu. Wala usijaribu kuvuka maji yaendayo kasi. Yakiwa na kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimeta 60 huchukua hata magari mengi. Ngojeni mahali pa juu, hata usiku ukiwakuta. Maji ya korongo huja upesi, tena mara nyingi hupungua upesi.

Sita, mwenye kuongoza watoto na awahesabu wakiingia na wakitoka. Mtu mzima mmoja atangulie, mmoja awe wa mwisho. Wazazi waachiwe habari ya njia mtakayopita na saa mtakayorudi. Na wasafiri walalao hema wasilale kamwe juu ya mchanga wa mto mkavu, ingawa ni laini kuliko kitanda.

Mashauri haya si ya wasafiri peke yao. Ninyi wazazi, watoto wenu hushuka korongoni kila siku bila kuitwa watalii. Huchunga mbuzi humo, huchimba visima vya mchanga ili kupata maji, na huvuka kwenda shule. Mwambieni mtoto leo, kabla mvua hazijakaza: akiona mlima umefunikwa na wingu jeusi, asishuke, na akikuta korongo limejaa, arudi nyumbani, hatapigwa kwa kukosa shule. Na mwalimu naye asimwadhibu mtoto aliyechelewa kwa ajili ya maji. Mtoto anayeogopa fimbo kuliko mto ataingia mtoni.

Nimalizie kwa neno gumu kuliko yote, nalo ni kugeuka nyuma. Kusoma mashauri ni kazi nyepesi. Ugumu waja siku ile michango imekwisha kutolewa, basi limekodiwa, chakula kimepikwa usiku kucha, watoto wamevaa nguo zao nzuri na kuimba njia nzima. Nanyi mmefika penye mlango wa korongo, jua lawaka, lakini mlima ulio mbali una wingu. Kiongozi atasikia aibu. Wengine watamwita mwoga, na wengine watauliza fedha zao. Hapo ndipo ijulikanapo kama yeye ni mchungaji au ni mtu wa mshahara. Mwalimu ageuzaye watoto penye mlango wa korongo, akawalisha chakula chao chini ya mti na kuwarudisha wote nyumbani, hakushindwa katika safari yake. Na sisi tulio wazazi, akirudi hivyo, tusimlaumu wala kumdai. Tumpokee kwa shukrani, maana Oldupai litakuwapo mwakani, na Hanang pia.

Bwana awalinde ninyi nyote mwendapo na mrudipo, awafariji wenzetu wa Katesh wakumbukapo wafu wao katika Majilio haya, na atupe akili ya kuziheshimu njia alizoyawekea maji. Tuonane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.

Wasalaam.